Mambo Msiige kabla ya hoteli: kweli lilikuwa dakhalia ya kanisa?

#1 NyarakaPwani
Salaam wakuu. Anayepita Uwanja wa Kelele pale Shangani siku hizi anaona hoteli ya kifahari, basi. Dai langu ni hili: kabla ya hoteli, kabla ya ofisi za serikali, kabla ya hospitali ya Wazungu (1918 hadi 1924) na kabla ya ubalozi mdogo wa Uingereza, jumba la Mambo Msiige lilikuwa dakhalia, yaani makazi ya wanafunzi, chini ya kanisa.

Askofu William Tozer na Dk. Edward Steere wa UMCA (misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati) walishuka Unguja mwishoni mwa Agosti 1864, baada ya misheni kushindwa kule bonde la mto Shire. Hawajakaa sana, Sultan Majid akawapa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio wakawa wanafunzi wa mwanzo, wakilala na kusoma chini ya paa moja na walimu wao. Mwaka uliofuata wakaja wasichana pia.

Maswali yangu matatu: misheni ililipataje jumba kubwa namna ile? Watoto waliishije ndani yake? Na kwa nini waliliacha? Leteni mnayoyajua.

#2 Chwaka_Upepo
Si ndimo ulimolazwa mwili wa Livingstone 1874 kabla ya kusafirishwa Uingereza?

#3 MsomaRamani
#2 hapana, na kosa hili halifi. Kuna nyumba tatu watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ubalozi wa zamani wa Uingereza, ufukweni hapo hapo Shangani, ambao baadaye ulikuwa ofisi za Smith Mackenzie. Wapelelezi Burton na Speke walipokewa pale kwa Balozi Hamerton mwishoni mwa 1856, na ndipo mwili wa Livingstone ulipowekwa 1874. Ya pili ni Mambo Msiige, ambalo ubalozi ulihamia katikati ya miaka ya 1870 ukakaa hadi 1913. Ya tatu ndiyo inayoitwa Nyumba ya Livingstone, iko njia ya Gulioni, nje ya Mji Mkongwe. Ilijengwa kama 1860 kwa ajili ya Sultan Majid, na Livingstone alikaa humo mwaka 1866 akijiandaa na safari yake ya mwisho.

Aliyesoma kwamba "ubalozi wa Shangani" ulifanya hivi au vile atazame mwaka kwanza. Kabla ya katikati ya miaka ya 1870 ni nyumba moja, baada yake ni nyingine.

#4 Chwaka_Upepo
Nimekuelewa, ahsante.

#5 SarufiKwanza
Kabla hamjafika mbali, jina lenyewe. "Msiige" ni amri ya kukataza kwa nafsi ya pili wingi: ninyi, msiige. Kwa sarufi ya darasani mngetarajia "mambo msiyaige", maana kitendwa ni mambo. Kukosekana kwa "ya" kunanionyesha kwamba hii si sentensi, ni lakabu. Ni kama majina ya kanga, ambamo maneno hubanwa yabaki yanayouma tu.

Maana yake ina pande mbili. Upande mmoja ni majivuno ya mwenye nyumba: nimefanya mambo, msijaribu kuiga, hamtaweza. Upande wa pili ni onyo la watu wa mtaani: haya si mambo ya kuigwa. Mimi nauona wa pili una nguvu zaidi, kwa sababu lakabu za nyumba Unguja hutolewa na wapita njia. Mwenye nyumba hajipi.

#6 Mzee wa Baraza
Mwalimu Sarufi, tunatafuta mwenye nyumba, wewe unatafuta kiambishi. Lakini umesema la maana hapo mwisho.

Nijibu swali la kwanza la #1. Jumba linatajwa kujengwa kati ya 1847 na 1850 na Salim, mtu wa ukoo wa al-Harthi. Sasa kumbukeni 1859. Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Majid, waliomuunga mkono kwa silaha ni al-Harthi. Walijifungia shambani Marseille, wakapigwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza. Barghash akapelekwa Bombay, wakuu wa al-Harthi wakatiwa ndani. Miaka mitano baadaye jumba la ukoo huo huo, kwenye ncha bora ya Shangani, liko mikononi mwa misheni ya Kiingereza, na Sultan Majid huyo huyo anawapa wavulana. Kwangu mimi hiyo ni mali ya walioshindwa vita.

#7 Kibeku
Shikamoo Mzee. Hoja yako ni nzuri lakini ina tundu. Kama Majid aliwanyang'anya, jumba lingeingia kwenye mali ya Sultan, na misheni ingekuwa mgeni wake. Miaka ile majumba mengi ya Waarabu yaliondoka mikononi mwao bila vita yoyote. Yaliondoka kwa rehani. Mwenye shamba la karafuu alikopa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, akaweka nyumba ya mjini kuwa dhamana. Bei ya karafuu ikishuka, deni linabaki pale pale. Aliyeshika rehani hakutaka kuishi Shangani, yeye duka lake liko ndani ya mji. Alitaka mpangaji anayelipa kwa wakati, na misheni yenye wafadhili Oxford na Cambridge ni mpangaji wa kutamanika.

#8 Mzee wa Baraza
Marahaba. Rehani ilikuwepo, sikatai. Lakini rehani haielezi kwa nini nyumba hii na si nyingine kumi zilizokuwa rehani.

#9 Bi Mkunazini
Mnasahau mtu wa tatu: balozi. Mwingereza mgeni Unguja mwaka 1864 hakupata nyumba bila mkono wa balozi wake. Hata wale wavulana watano walipitia mlango huo huo wa urafiki kati ya ubalozi na Sultan. Na ona mwisho wake: misheni ilipotoka, aliyeingia ni ubalozi wenyewe. Nyumba haikutoka kwenye duara la Waingereza tangu 1864. Hilo linanitosha kuona ni nani aliyekuwa akiishika kwa nyuma.

#10 FundiBoriti
Mimi niende swali la pili, maana hilo nyumba yenyewe inalijibu.

Jumba la mawe la Unguja la katikati ya karne ya 19 lina kipimo kimoja kinachotawala kila kitu, nacho ni urefu wa boriti. Boriti ni mti wa mikoko, msinzi au mkoko, uliokuja kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Mti ulionyooka wenye unene wa kubeba sakafu haukupi zaidi ya mita tatu hivi baada ya kutoa ncha mbili zinazoingia ukutani. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu utakavyo, lakini upana wake unabaki mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana vyumba vya majumba haya ni kama korido zilizozunguka ua.

Tajiri aliona ni dosari, akaificha kwa zidaka (vishubaka vya ukutani), vioo na mazulia. Kwa dakhalia ni baraka. Chukua chumba cha mita 3 kwa 12. Panga vitanda vichwa vikigusa ukuta mrefu. Kitanda cha mita 1.9 kinakuachia njia ya zaidi ya mita moja miguuni. Kila kitanda cha sentimita 75 na nafasi ya 50 pembeni kinakula mita 1.25, basi vitanda tisa vinaingia, na msimamizi akisimama mlangoni anaona vyote kwa mara moja. Hakuna kona ya kujificha. Ua wa katikati unaleta hewa pande zote mbili za chumba, na kuta nene za sentimita 50 hadi 60 zinazuia joto la mchana. Kama ungeambiwa ubuni bweni bila feni wala umeme, ungeishia karibu na hapo.

#11 Bara_Hadi_Pwani
Nyie mnasema dakhalia, sisi bweni, vijana wa chuo wanasema hosteli. Kitanda ni kile kile.

#12 SarufiKwanza
#11 si kile kile. Dakhalia inatokana na Kiarabu, "ndani". Mtoto wa dakhalia ni yule aliyeingia ndani: analala, anakula na kusoma humo, na nidhamu yake iko kwa mwenye nyumba. Hosteli unalipia kitanda tu. Alichoanzisha Tozer ni dakhalia kwa maana kamili.

#13 FundiBoriti
Niongeze mabaya yake, nisionekane nasifia tu. Nyumba hizi zilijengwa kwa familia moja na watumishi wake. Ukijaza watu arubaini, kitu cha kwanza kushindwa ni choo, cha pili ni maji.

Choo cha ghorofani kina bomba la mawe lililojengwa ndani ya ukuta, linashuka hadi shimoni. Maji mengi ya kuogea yakipita humo kila siku, chokaa ya ndani ya bomba inalika, unyevu unahamia kwenye ukuta wa jirani, na ncha za boriti zilizochomekwa pale zinaanza kuoza. Kuoza kwa boriti hakuonekani katikati ya chumba. Kunaanza ndani ya ukuta, shubiri moja ya mwisho ambayo jicho halifiki. Dalili za mwanzo ni sakafu kushuka kidogo upande mmoja, ufa mwembamba kufuata ukuta pale dari inapokutana nao, na unga wa rangi ya kahawa kudondoka.

Kisima cha nyumba ya ufukweni kina maji ya chumvi chumvi. Yanafaa kufulia na kuoshea, ya kunywa lazima yavunwe juu ya paa au yaletwe kutoka ndani ya mji.

#14 Chwaka_Upepo
Na yale mayai? Inasemwa chokaa ilichanganywa na maelfu ya mayai ndipo jumba likawa imara. Na kwamba kuna watumwa walizikwa hai ukutani.

#15 MpigaChokaa
Twende kwa hesabu, tusibishane kwa mdomo.

Chukua ukuta mmoja wa nje: urefu mita 10, kimo mita 10, unene 0.6. Hiyo ni mita za ujazo 60. Katika ukuta wa matumbawe yasiyochongwa, theluthi moja hivi ni udongo wa chokaa unaojaza mianya. Basi una mita 20 za ujazo, yaani lita 20,000. Ukitia ute wa yai kwa asilimia moja tu, unahitaji lita 200. Yai moja linatoa kama mililita 30 za ute. Lita 200 ni mayai zaidi ya 6,600, ukuta mmoja! Jumba lote lingekula makumi ya maelfu, na yangeoza kwenye joto la Unguja kabla mafundi hawajamaliza tabaka la pili.

Sasa chukua lipu ya mwisho, ile nyembamba inayosuguliwa mpaka ing'ae. Mita za mraba 100 kwa unene wa milimita 3 ni lita 300. Asilimia moja ni lita 3, mayai 100. Hilo fundi anaweza. Ute ni protini, unasaidia lipu laini isikauke haraka na kupasuka, na unaipa mng'ao. Kwa hiyo mayai kwenye lipu ya sebule ya tajiri nayakubali. Mayai ndani ya kuta, hapana.

Kilichofanya ukuta ule uwe imara ni muda. Chokaa hukaza kwa kunyonya hewa ya ukaa polepole, miaka na miaka. Ukuta wa 1850 ulikuwa ungali unakaza wakati Tozer anaingia.

#16 Kibeku
Na hao waliozikwa?

#17 MpigaChokaa
Mwili ndani ya ukuta wa sentimita 60 unaacha pango. Ukuta wa mawe ya ovyo ovyo hauna nguvu ya kuruka pango la ukubwa huo bila kizingiti juu yake. Ungeona ufa wa mshazari miaka michache baadaye, mahali pasipo mlango wala dirisha. Ningetaka kuonyeshwa ufa huo kwanza.

#18 Bi Mkunazini
Ndugu MpigaChokaa, hesabu yako naiheshimu, lakini hadithi hii usiipime kwa rula peke yake. Waliobeba mawe yale kutoka pwani, waliochoma tanuu na waliopigilia sakafu walikuwa watumwa. Mtaa ukisema "wamo ukutani", unasema jambo la kweli kwa lugha yake. Na hapo ndipo onyo la #5, haya si mambo ya kuigwa, linapokaa vizuri.

Halafu fikirini: 1864 wanaingia humo watoto waliotoka kwenye jahazi la watumwa, wanalala ndani ya kuta zilizojengwa na watumwa. Misheni haikulijenga jumba, ililirithi na hadithi zake zote.

#19 Mzee wa Baraza
Bi Mkunazini amenena.

#20 Shamba la Kiungani
Turudi swali la tatu. Waliondoka kwa sababu nyumba iliwatosha kwa muda mfupi tu. Ndani ya miaka ile ile ya 1860 misheni ilinunua shamba Kiungani, kama maili mbili kusini mwa mji, wavulana wakahamishiwa huko, ikawa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Mwaka 1871 Tozer akanunua shamba la Mbweni, mbele zaidi, lenye jumba la zamani la Kiarabu. Majengo ya skuli ya wasichana yakazungushwa hapo, nao wakahamia 1874. Kwa hiyo mfano halisi wa mada hii, jumba la tajiri kugeuzwa dakhalia na kubaki hivyo kwa miaka mingi, ni Mbweni. Caroline Thackeray alifika 1877 akaiongoza skuli ile hadi 1902, na hakurudi kwao, alifia Unguja 1926.

Mambo Msiige lilikuwa kituo cha kupumua tu.

#21 NyarakaPwani
#20 "kituo cha kupumua" ni kulipunja. Mmoja wa wale watano wa mwanzo, John Swedi, alipewa ushemasi 1879. Steere alianza kukusanya maneno na ngano za Kiswahili akiwa katika nyumba hiyo ya Shangani, na kitabu chake cha sarufi kilitoka 1870. Kiswahili cha Unguja kilichokuja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kilipita mezani humo.

#22 Shamba la Kiungani
Nakubali kuhusu Steere. Lakini mafunzo yenyewe yalikomaa Kiungani. Cecil Majaliwa, kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, aliyewekwa wakfu 1890, ni tunda la Kiungani. Na chuo chenyewe kilihamia Minaki, bara, mwaka 1925.

#23 DawaBaridi
Mimi naona sababu ya kuondoka ni kipindupindu. Kile cha 1869 hadi 1870 kiliua watu maelfu mjini. Mtu yeyote mwenye watoto wengi kwenye jumba moja, kisima kimoja na shimo moja la choo, kama alivyoeleza #13, angetafuta shamba lenye hewa na nafasi.

#24 Shamba la Kiungani
Shamba la Kiungani lilikuwepo kabla ya kipindupindu, ndugu. Kiliwasukuma, labda, lakini hakikuwaanzisha.

#25 DawaBaridi
Mbweni je? 1871. Mwaka mmoja baada ya kipindupindu.

#26 MsomaRamani
Na nyote mmeruka 1873. Juni mwaka huo Barghash, yule yule wa 1859, sasa Sultan, alitia saini mkataba na balozi wa Uingereza John Kirk, soko la watumwa Mkunazini likafungwa. Misheni ikapata kiwanja pale, sehemu kwa kununua, sehemu kwa kupewa na mfanyabiashara wa Kihindi Jairam Senji. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi 1873. Tozer alijiuzulu mwaka huo huo kwa ugonjwa, Steere akawa askofu 1874. Ukiwa na kiwanja chako katikati ya mji, na askofu mpya anayetaka kujenga, kwa nini uendelee kukaa nyumba ya Shangani?

Kwa hiyo tuna shamba, kipindupindu, soko na ubalozi uliokuwa ukitaka nyumba kubwa zaidi. Vinne ndani ya miaka mitano.

#27 Bi Mkunazini
Na cha nne mkiweke cha kwanza. Kirk si mtu wa kusubiri mpangaji aondoke kwa hiari yake.

#28 Kibeku
Hapo umemsingizia marehemu.

#29 Bara_Hadi_Pwani
Wakuu, kwa kuwa tumefika Mkunazini: ile hosteli ya kanisa ya St Monica, vile vyumba vya chini watalii wanavyoonyeshwa kuwa mahabusu ya watumwa, ni kweli?

#30 MsomaRamani
Jengo la St Monica ni la misheni, limejengwa baada ya soko kufungwa. Upande mmoja wanasema vyumba vya chini ni ghala la misheni na havihusiani na soko. Upande wa pili wanasema misheni ilijenga juu ya msingi uliokuwepo. Anayetaka kuamua aangalie kuta za chini na za juu kama zimefungamana.

#31 MpigaChokaa
Na namna ya kuangalia ni hii. Tafuta kona ambapo ukuta wa chini unakutana na wa juu, pasiwe na lipu. Kama ujenzi ni mmoja, mawe yanaumana na chokaa ni ya rangi moja. Kama ni wa vipindi viwili, utaona mstari ulionyooka, na chokaa ya chini mara nyingi ina udongo mwekundu mwingi zaidi. Lakini chini pale pamepigwa lipu na kupakwa rangi mara nyingi, usitarajie jibu la siku moja.

#32 FundiBoriti
Kanisa la Mkunazini lenyewe ni somo. Steere alikataa boriti. Paa lake ni kuba refu la zege la matumbawe, halina miti, na watu walitarajia lianguke. Halijaanguka. Alilifungua Krismasi 1879, akafa 1882.

Linganisheni na Beit al-Ajaib, jumba la Sultan la 1883: nguzo za chuma, mihimili ya chuma, vyumba vipana visivyowezekana kwa boriti. Sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020. Upana ule una gharama yake. Chuma kando ya bahari kinaliwa na kutu, kutu inavimba, inapasua kilichokizunguka.

#33 Kibeku
Kwa hiyo boriti ni bora kuliko chuma?

#34 FundiBoriti
Boriti inaoza, chuma kinashika kutu. Tofauti ni kwamba boriti moja ikioza unaibadilisha peke yake. Unatia miimo miwili chini ya zile za jirani, unafungua tundu ukutani pande zote mbili, unaondoa, unaingiza mpya iliyokauka na kumenywa gamba, ncha ziingie ukutani sentimita 20 au zaidi. Unaacha upenyo wa hewa kuzunguka ncha, unaziba mbele tu, kwa chokaa. Ukishindilia saruji kuzunguka ncha umeifunga na unyevu wake, itaoza haraka kuliko ile uliyoitoa.

#35 Chwaka_Upepo
Saruji mnaichukia sana humu.

#36 MpigaChokaa
Saruji ina mahali pake. Kwenye ukuta wa matumbawe si pake, na sababu ni chumvi.

Jiwe limetoka pwani, lina chumvi. Unyevu unapanda kutoka chini au unaingia kutoka juu, unayeyusha chumvi, unatafuta njia ya kutoka. Lipu ya chokaa inapumua, maji yanatoka, chumvi inabaki juu unaifagia. Lipu ya saruji inaziba. Chumvi inaganda nyuma yake, punje zinavimba, zinasukuma, na baada ya misimu michache ya mvua lipu inaachia vipande vizima pamoja na uso wa jiwe. Gonga kwa mpini wa mwiko: ukisikia mlio mtupu, imeshaachia.

Kurekebisha: bandua saruji yote, piga brashi kavu, acha ukuta ukauke kiangazi chote. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Tumia wa nchi kavu uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Chokaa iliyozimwa ikae shimoni chini ya maji miezi mitatu kwa uchache. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 10, lifunike kwa magunia yaliyolowa, subiri wiki, ndipo la pili. Jua kali likilipiga siku ya kwanza, linakauka kabla halijakaza, linakuwa unga. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa mara nne au tano. Rangi ya plastiki usipake, itaziba kama saruji.

#37 Bara_Hadi_Pwani
Hoteli walifanya hivyo?

#38 MsomaRamani
Hilo limejadiliwa hadi Kamati ya Urithi wa Dunia, maana Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Mzozo haukuwa lipu, ulikuwa jengo jipya lililoongezwa kwenye kiwanja cha wazi kando ya jumba, kimo chake, na namna linavyobadili sura ya mji ukitazama kutoka baharini. Hoteli ilifunguliwa 2015. Tukianza hilo tutahitaji uzi mwingine.

#39 Mzee wa Baraza
Ufunguliwe. Lakini swali langu la 1859 bado halijajibiwa. Kibeku amesema rehani, Bi Mkunazini amesema balozi. Ni nani aliyepokea kodi ya jumba lile mwaka 1864?

#40 Kibeku
Kama ni rehani, Mhindi. Nashikilia hapo.

#41 Bi Mkunazini
Na kama ni Mhindi, alikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, kwa hiyo mikataba yake ilipita ubalozini. Umerudi kwangu.

#42 NyarakaPwani
Hapo mmenionyesha pa kwenda. Mikataba ya watu waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza ilisajiliwa kwa balozi, na kumbukumbu za ubalozi zimo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, fungu la AA. Anayekwenda asitafute "Mambo Msiige", ni lakabu, mwandishi wa ubalozi hakulazimika kuitumia. Atafute Shangani, nyumba ya mawe inayopakana na bahari, kati ya 1859 na 1864, na asome majina ya pande zote mbili. Awe na mtu wa kumsomea Kiarabu na mwingine wa Kigujarati, maana saini mara nyingi ziko kwa lugha ya mwenyewe. Jina la al-Harthi likiwa upande wa muuzaji au mdaiwa, Kibeku ana hoja. Likiwa halipo kabisa, Mzee tutamwomba aendelee.